Programu Kipande kwa Kipande: Kampuni Inavyoweza Kuacha Kusubiri Mfumo Mwaka Mzima

Moi's Bridge, mji ulio mpakani mwa Kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia, huishi kwa mahindi. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, malori, trekta na mikokoteni hupeleka magunia kwenye ghala la NCPB, kwa wafanyabiashara na kwa vyama vya ushirika. Kila anayepokea mahindi hayo anatakiwa kujua mambo yale yale: ameleta nani, uzito ni kilo ngapi, unyevu ni asilimia ngapi, mwenye mali amelipwa au bado anadai. Kwa miaka mingi kazi hii imefanywa kwa daftari na kalamu. Siku hizi wenye maghala, maduka ya pembejeo, sacco na vituo vya kupokea maziwa wanaagiza programu za kompyuta na simu zifanye kazi ya daftari.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwenye biashara anampata kijana wa kompyuta mjini Eldoret, wanakaa siku moja wakiandika kila kitu kinachohitajika, wanapatana bei, anatoa malipo ya kwanza. Kisha kimya. Baada ya miezi sita au minane programu inaletwa ikiwa kamili, na siku ya kwanza ya mavuno karani wa mizani anagundua kwamba haifai. Inamtaka aandike namba ya kitambulisho cha mkulima kabla ya kupima, ilhali aliyeleta mzigo ni dereva. Haina nafasi ya mkulima anayetaka sehemu ya fedha leo na nyingine Januari shule zinapofunguliwa. Foleni inarefuka, daftari linatolewa tena mezani, na programu iliyogharimu fedha nyingi inabaki kwenye kompyuta bila kutumiwa.

Wengi humlaumu kijana. Kijana naye humlaumu mteja kwamba hakusema mapema. Ukweli ni kwamba wote wawili walifuata mpangilio wa kazi usiofaa kwa kitu cha aina hii. Upo mpangilio mwingine, unaoitwa ajaili, yaani wepesi wa kubadilika, na kampuni yoyote inaweza kuufuata, iwe inatengeneza programu yenyewe au inaagiza kwa mtu.

Programu si nyumba

Anayejenga nyumba huanza na ramani. Fundi hajengi ukuta kisha akaulizia mlango utakuwa wapi, kwa sababu kubomoa ukuta ni gharama. Kwa muda mrefu kampuni nyingi duniani zilitengeneza programu kwa namna hiyo hiyo: kwanza kuandika mahitaji yote, halafu kuchora, kutengeneza, kujaribu, na mwisho kukabidhi. Kila hatua inashuka kwenda inayofuata kama maji ya maporomoko, na maji hayapandi kurudi juu. Mchoro unaotajwa mara nyingi kuwa chanzo cha mtindo huo uko katika makala ya mhandisi wa Marekani, Winston Royce, ya mwaka 1970. Jambo la ajabu ni kwamba Royce mwenyewe alionya katika makala hiyo hiyo kwamba kufanya kazi hivyo ni hatari na hukaribisha kushindwa. Inaelekea wengi waliuangalia mchoro wakaacha maneno.

Tofauti na nyumba, programu hutengenezewa kazi ambayo hakuna mtu mmoja anayeijua yote. Meneja anajua hesabu za mwisho wa mwezi, karani anajua mambo ya mizani, na mkulima anajua kwa nini mahindi yameandikwa kwa jina la mama mkwe. Ukiwauliza ofisini watakueleza kazi inavyotakiwa kuwa. Kazi ilivyo hasa huonekana watu wanapoishika programu na kuitumia.

Februari 2001 watengenezaji wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi kuhusu jambo hili. Hawakubuni kila kitu siku hiyo. Kwa mfano, njia iitwayo skramu ilikuwa imewasilishwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland tangu 1995. Walichofanya ni kukubaliana juu ya yale yanayopewa uzito zaidi. Watu na mazungumzo yao hutangulia taratibu na vifaa. Programu inayofanya kazi hutangulia wingi wa makaratasi. Kushirikiana na mteja hutangulia mabishano ya mkataba, na kukubali mabadiliko hutangulia kung'ang'ania mpango. Hawakusema makaratasi, mikataba na mipango vitupwe, ingawa wako wanaolitumia tamko hilo kama ruhusa ya kutoandika chochote.

Kwa vitendo, ajaili ni kutengeneza kipande kidogo kinachofanya kazi, kukiweka mikononi mwa mtu atakayekitumia, kusikia anachosema, kisha kuamua kipande kinachofuata. Mzunguko huo hurudiwa kila juma moja, mawili au manne.

Yaliyotokea Eldoret

Wakazi wa kaunti hii hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Moja ya programu za hospitali zinazojulikana zaidi katika nchi zinazoendelea, OpenMRS, ilitumika kwa mara ya kwanza hapa Eldoret.

Historia yake inaanzia Mosoriot, Kaunti ya Nandi. Mwaka 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliweka katika kituo cha afya cha Mosoriot mfumo mdogo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa. Ulitosha kituo kimoja. Lakini mwaka huo huo ulianza mpango wa AMPATH, unaoshirikisha Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, wa kutibu wagonjwa wa virusi vya ukimwi. Idadi ya wagonjwa ilipanda haraka na kliniki zikaongezeka, zikiwemo za Turbo na Burnt Forest. Mfumo wa kituo kimoja ukaanza kulemewa.

Mwaka 2004 madaktari wawili wenye ujuzi wa kompyuta, Paul Biondich na Burke Mamlin, walikuja Eldoret kusaidia. Badala ya kuongeza viraka juu ya viraka, waliamua kuanza msingi mpya, na Februari 2006 mfumo huo mpya ulianza kutumika. Mwaka huo huo ulipelekwa Rwanda pia. Baadaye Kenya ilipotengeneza KenyaEMR, mfumo wa rekodi unaotumika katika mamia ya vituo vya afya vya umma, ulijengwa juu ya msingi wa OpenMRS.

Kwa mwenye kampuni, yapo mambo mawili ya kuangaliwa katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba karatasi haikuondolewa siku ya kwanza. Wahudumu wa kliniki waliendelea kujaza fomu kwa kalamu, na makarani wakaingiza fomu hizo kwenye kompyuta. Mtu anayependa mambo ya kisasa angeona huko ni kurudi nyuma. Lakini wagonjwa walikuwa wamepanga foleni, na kliniki haikuweza kusimama ili daktari ajifunze kuchapa. Baadaye mfumo ulianza kurudisha kitu kwa daktari: karatasi fupi yenye muhtasari wa mgonjwa na vikumbusho vya vipimo ambavyo muda wake umepita. Utafiti uliofanywa katika kliniki za AMPATH na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba pale vikumbusho vilipotolewa, wahudumu waliagiza kipimo cha CD4 kwa wagonjwa waliokistahili mara nyingi zaidi kuliko pale ambapo havikutolewa.

La pili limo ndani ya programu yenyewe. Watengenezaji wake walijua kwamba maswali ya kliniki hayatakoma kubadilika. Leo kuna dawa mpya, kesho kuna fomu mpya ya kifua kikuu. Kwa hiyo waliweka kamusi ya maneno ya kitabibu ndani ya mfumo, na anayeusimamia akitaka kuongeza swali anaongeza neno kwenye kamusi bila kuandika programu upya. Jambo hili husahauliwa na kampuni nyingi zinazojiita za ajaili. Kukutana kila juma kusikiliza maoni hakusaidii ikiwa kila badiliko dogo linagharimu mwezi wa kazi. Lazima programu iwe imejengwa kwa namna inayofanya mabadiliko yawe rahisi.

Mkopo uliogeuka kuwa kutuma pesa

Mfano wa pili umo katika simu ya karibu kila mkazi. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Vodafone ya Uingereza na Safaricom, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walikusudia kuwawezesha wateja wa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 na wateja wa Faulu Kenya, wasiofika 500, katika maeneo matatu tu: katikati ya Nairobi, Mathare na Thika.

Watu walipopewa kitu hicho wakaanza kukitumia walivyotaka wao. Waliosafiri kati ya Nairobi na Thika waliweka pesa kwa wakala kabla ya kuondoka na kuzitoa walipofika, ili wasiibiwe njiani. Wenye biashara waliweka mauzo ya siku usiku kucha kwa kuwa benki zilifungwa mapema kuliko duka la wakala. Wengine walimtumia pesa mtu ambaye hakuwemo kabisa katika majaribio. Upande wa mikopo, kazi ilikuwa ngumu: kulinganisha rekodi za simu na vitabu vya mikopo vya vikundi kulileta usumbufu mkubwa.

Viongozi wa mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, wangeweza kushikilia mpango kama ulivyoandikwa kwa wafadhili. Waliamua kuiacha mikopo kando na kuipeleka sokoni huduma nyepesi zaidi ya kutuma pesa nyumbani. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuita mradi huo ajaili. Ila kama wangejaribu kuujenga mfumo wote wa mikopo, nchi nzima, kwa siku moja, habari ya yule msafiri wa Thika ingewafikia fedha zikiwa zimekwisha.

Kinyume chake kilionekana Marekani Oktoba 1, 2013, pale serikali ilipofungua kwa nchi nzima siku moja tovuti ya kununulia bima ya afya. Waliofanikiwa kujiandikisha siku ya kwanza walikuwa watu sita. Ilibidi kikosi kidogo cha wataalamu kiitwe kuitengeneza tatizo baada ya tatizo, kwa mikutano mifupi ya kila siku, hadi ikasimama.

Ghala la ushirika likianza leo

Chukua mfano wa chama cha ushirika kinachopokea mahindi ya wanachama, kuyakausha na kuyauza. Kinataka programu ya kupokea mzigo, kukata gharama za kukausha, kulipa kwa M-Pesa, kutoa mikopo ya mbolea na kuandaa hesabu za mkutano wa mwaka. Kwa mtindo wa zamani yote hayo yangeandikwa kwenye mkataba mmoja. Kwa ajaili, swali la kwanza ni hili: kipande gani, kikiwepo peke yake, kitampunguzia mtu kazi juma lijalo?

Jibu linaweza kuwa kupima na kutoa stakabadhi, basi. Hakuna mikopo wala M-Pesa. Mtengeneza programu anarudi baada ya majuma mawili na ukurasa mmoja: jina, kilo, unyevu, stakabadhi. Anaipeleka kwenye mizani, si ofisini kwa mwenyekiti, na kusimama nyuma ya karani akiangalia.

Hapo ndipo mambo yasiyoandikwa hujitokeza. Mama anafika na magunia kumi na kusema, "Haya manne ni ya mzee, sita ni yangu." Programu iliyoandikwa kwa mzigo mmoja, jina moja, imekwama tayari. Au stima inapotea wakati malori matano yako kwenye foleni. Au hesabu ya unyevu inaleta ugomvi, na hili linafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu linagusa fedha.

NCPB hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tuseme mkulima ameleta magunia 100 ya kilo 90, yaani kilo 9,000, yenye unyevu wa asilimia 18. Mtu aliye mezani atatoa 13.5 kwenye 18, apate 4.5, kisha akate asilimia 4.5 ya uzito na kubakisha kilo 8,595. Inaonekana sawa, na kijana wa kompyuta ataiandika hivyo akiambiwa hivyo. Lakini maji yakiondoka, uzito wote unashuka, na asilimia iliyobaki ni ya uzito mpya. Hesabu sahihi ni kuchukua sehemu kavu, asilimia 82 ya kilo 9,000, na kuigawa kwa asilimia 86.5. Zinabaki takriban kilo 8,532. Ushirika uliotumia njia ya mkato umelipa kilo 63 ambazo hazitakuwepo ghalani, zaidi ya theluthi mbili za gunia, kwa mkulima mmoja tu. Mtu wa mashine ya kukausha hulijua jambo hili kwa mazoea. Kama hakuitwa kwenye kikao cha kuandika mahitaji, na kwa kawaida haitwi, programu haitalijua mpaka mahindi yapungue. Akionyeshwa kipande cha kwanza baada ya majuma mawili, kosa linarekebishwa kwa saa moja kabla halijamgharimu mtu yeyote.

Baada ya kipande hicho kukaa sawa, kinafuata kingine. Kazi zote zinazosubiri huandikwa kwenye orodha moja, ya muhimu zaidi juu. Lazima awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupanga orodha hiyo. Akiwa mwenyekiti, awe na muda. Akiwa karani, apewe mamlaka kwa maandishi. Kamati ya watu saba haiwezi kuifanya kazi hii: kila mmoja atataka lake liwe la kwanza.

Wanaotengeneza programu hukutana kila siku kwa dakika zisizozidi 15, wakisimama kama ikifaa, kuambiana wamefika wapi na nini kimewakwamisha. Ubao wenye safu tatu, yaani inayosubiri, inayofanywa na iliyokwisha, unatosha. Karatasi za rangi na ukuta vinafanya kazi sawa na programu ya kulipia. Mwisho wa kila mzunguko kuna vikao viwili. Cha kwanza ni cha kuwaonyesha watumiaji kilichokamilika, nao wakishike wenyewe. Cha pili ni cha watengenezaji peke yao, kuzungumza wazi ni nini katika namna yao ya kufanya kazi kibadilishwe. Hiki cha pili ndicho huachwa kwanza kazi zikizidi, na kampuni ikikiacha hurudia makosa yale yale kila mwezi.

Mavuno huja mara moja

Vitabu vingi vya ajaili vimeandikwa kwa ajili ya kampuni ambazo wateja wake wapo kila siku. Moi's Bridge ina tatizo la pekee: mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka. Kipande kilichokamilika Februari hakiwezi kujaribiwa kwenye foleni ya kweli hadi Oktoba, na kosa lililogunduliwa Januari husubiri karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo ratiba ya vipande ifuate kalenda ya shamba. Machi na Aprili, wakati wa kupanda, ndiyo nafasi ya kujaribu sehemu ya mbolea na mbegu, kwa kuwa ndipo foleni za pembejeo zilipo. Ushirika unaopokea maziwa una bahati zaidi: maziwa huja kila asubuhi, na sehemu ya kupima, kutoa stakabadhi na kulipa inaweza kujaribiwa kwa kundi la wanachama 20 katika mwezi wowote, kisha kuhamishiwa kwenye mahindi. Sehemu ya kupima mahindi iwe tayari kabla ya Septemba. Katika juma la kwanza la mavuno daftari na programu vitumike pamoja, na jioni hesabu zilinganishwe. Ni kazi mara mbili, na karani atalalamika, lakini ndiyo njia pekee ya kuona tofauti wakati bado ni ndogo.

Mavuno yakipamba moto, hakuna kubadilisha kitu isipokuwa kosa la fedha au uzito. Maoni mengine yote yaandikwe kwenye orodha yasubiri.

Kampuni kubwa na majina mapya

Kampuni kubwa nazo zimeingia njia hii. Benki ya ING ya Uholanzi ilipanga upya makao yake makuu mwaka 2015 katika vikosi vya watu wasiozidi tisa, kila kikosi kikiwa na mtu wa biashara, mtengeneza programu na wengine wanaohitajika ili kumaliza jambo bila kusubiri idara nyingine. Hapa Kenya, Safaricom nayo ilijipanga kwa vikosi vya namna hiyo katika miaka ya karibuni.

Kugawa watu katika vikosi na kuwapa majina mapya ni rahisi. Kugumu ni kwa wakubwa. Meneja aliyezoea kuuliza "Itakwisha lini?" anatakiwa aanze kuuliza "Tumejifunza nini juma hili, na tubadilishe nini?" Mfanyakazi akija Jumanne kusema kwamba kipande cha juzi hakifai, anatakiwa ashukuriwe. Akikemewa mara moja, hatasema tena, na wenzake waliokuwa wakisikiliza hawatasema pia. Vikao vitaendelea, ubao utajaa karatasi, na habari mbaya zitarudi kusubiri siku ya makabidhiano kama zamani. Kampuni ambayo haiko tayari kusikia mapema kwamba imekosea iokoe fedha zake, iendelee na mkataba wa kawaida.

Ziko pia kazi zisizofaa kujaribiwa juu ya watu. Kipande cha kulipa kwa M-Pesa hakitolewi kikiwa nusu kwa matumaini kwamba mkulima ataripoti pesa zikipotea. Sehemu za fedha na uzito ziwe na majaribio yanayojiendesha yenyewe kila programu inapobadilishwa, zijaribiwe kwa kiasi kidogo, na mtu wa pili azikague. Kuwa mwepesi wa kubadilika hakumaanishi kuwa mzembe wa kupima.

Malipo, mkataba na siri za watu

Anayeagiza programu kwa mtu wa nje akubaliane naye kulipa kwa vipande. Malipo ya kwanza yawe madogo, na kila yanayofuata yatolewe baada ya kipande kuonekana kikifanya kazi mbele ya mtumiaji. Mkataba useme kwamba upande wowote unaweza kuacha mwishoni mwa mzunguko, na kwamba msimbo wa programu pamoja na data ya wateja ni mali ya mwenye biashara. Kijana wa kompyuta pia analindwa: hafanyi kazi ya miezi minane kisha akaambiwa si hiki kilichotakiwa. Kwa upande wake mteja akubali jambo moja gumu, kwamba bei ya mwisho haijulikani siku ya kwanza. Anachoweza kupanga ni kiasi atakachotumia hadi mwezi fulani, na kuhakikisha vya muhimu vimetangulia ili fedha zikiisha kilichobaki kiwe cha ziada.

Kwa taasisi za umma jambo hili lina mipaka. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka mahitaji yaelezwe wazi kabla ya zabuni, na sababu yake ni nzuri: kuzuia mtu kupewa kazi isiyo na mipaka kwa fedha za wananchi. Zabuni hata hivyo inaweza kueleza tokeo linalotakiwa, kugawa kazi kwa awamu zenye makabidhiano na malipo yake, na kuweka majaribio na watumiaji kuwa sharti la kila awamu. Mkazi anayehudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu mfumo mpya ana haki ya kuuliza maswali mawili ya kawaida: utajaribiwa wapi kwanza, na maoni ya waliojaribu yataandikwa na nani?

Majaribio yasifanywe kwa majina ya kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mkulima ambaye kitambulisho chake, namba ya simu na deni lake vimo kwenye mfumo, na haiachi kumlinda kwa sababu mfumo bado uko kwenye majaribio. Mtengeneza programu apewe majina ya kubuni. Kundi la wanachama 20 watakaotumia kipande cha kwanza kwa kweli waelezwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, kitu gani kinaandikwa, nani atakiona, na kwamba anayetaka kurudi kwenye daftari atarudishwa bila kupoteza haki yake.

Mwisho wa kila mzunguko, kabla ya kutoa malipo, mwenye biashara aombe nakala ya data yake yote katika jedwali analoweza kulifungua kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alifungue, atafute jina la mkulima mmoja anayemfahamu, na alinganishe kilo zilizomo na stakabadhi aliyonayo mkulima huyo.